Tanzia ya jukwaani kuwa filamu: ushike maneno, ushike kisa au ushike kiini?

Tamthilia ya tanzia, yaani ya maafa yasiyoepukika, umeshaichagua. Pengine ni Makbeth, pengine Antigone, pengine Romeo na Juliet. Unajua pia unakotaka kuihamishia: zama nyingine, nchi nyingine, watu wenye maisha mengine. Kinachokukwamisha ni swali moja linalozaa mengine yote: ubebe nini na uache nini? Wengi hulipita swali hili na kukimbilia kuandika skripti. Wakifika katikati, mhusika mmoja anasema kwa beti za kale, mwenzake anajibu kwa lugha ya mtaani, na mtazamaji hajui ashike lipi.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kubaki na maneno ya mwandishi na kubadili mandhari. Ya pili ni kubaki na kisa, yaani wahusika na mfuatano wa matukio, huku mazungumzo yote yakiandikwa upya. Ya tatu ni kuchukua kiini cha mgogoro peke yake na kukijengea kisa kipya. Mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa alishika njia ya pili mwaka 1957 kwa Macbeth, na mwaka 1960 akashika ya tatu kwa Hamlet. Mwongozaji ni yule yule, ila kila tamthilia ilidai njia yake.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni hiki: nini kinafunga milango? Vifo peke yake havifanyi tanzia. Tanzia ipo pale mhusika anapojaribu kutoka na kukuta kila mlango umefungwa, na aghalabu mmojawapo ameufunga kwa mkono wake mwenyewe. Zamani milango ilifungwa na mambo ambayo hadhira iliyaamini: kauli ya miungu kutoka Delphi, haki ya mfalme, laana ya ukoo, deni la damu. Ukikihamishia kisa mahali ambapo mtu anaweza kupiga simu, kwenda polisi au kupanda basi akaondoka, mahali hapo lazima pawe na makufuli yake. Kabla hujaandika onyesho la kwanza, jibu swali hili kwa sentensi moja: kwa nini huyu mtu asiondoke tu?

Cha pili ni sauti. Jukwaani mhusika huweza kuigeukia hadhira na kusema yaliyo moyoni, na tanzia za Kigiriki zilikuwa na kwaya iliyoimba, kucheza na kutoa hukumu juu ya matendo ya wakubwa. Kamera huona hata kope ikitikisika, kwa hiyo uzungumzi nafsia, yaani mhusika kujisemea yaliyo moyoni, wa dakika nzima unaweza kuonekana mzigo. Lazima uamue sauti hizo zitakwenda wapi.

Cha tatu ni mwisho: je, una uhuru wa kuubadili, na ukiubadili unapoteza nini? Cha nne ni mzigo wa kazi, yaani waigizaji, fedha na hakimiliki.

Kuhusu hakimiliki, niseme jambo moja mapema kwa sababu linagusa njia zote. Kazi za Sophocles, Mgiriki wa kale aliyeandika Antigone, na za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, ni mali ya wote. Tafsiri zao za karibuni siyo. Mkataba wa Berne unaweka ulinzi wa angalau maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika 70. Tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare, ijulikanayo kama Juliasi Kaizari, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, na mfasiri wake, Mwalimu Nyerere, alifariki mwaka 1999. Maneno yale bado yanahitaji ruhusa. Na filamu ya mtu mwingine iliyotokana na tamthilia hiyo hiyo haikupi ruhusa ya kuchukua mambo aliyoyabuni yeye.

Njia ya kwanza: maneno yale yale, mahali papya

*Milango.* Maneno ya zamani yanakuja na ulimwengu wake. Mhusika akisema “upanga” lazima pawe na upanga, akisema “mfalme” lazima pawe na mtu ambaye neno lake ni sheria. Katika Romeo + Juliet ya mwaka 1996, Baz Luhrmann aliliwahi tatizo hili kwa kuandika majina ya silaha za kale kwenye bastola, kwa hiyo kijana anayeitisha upanga anapewa bastola na hakuna aliyedanganya. Lakini angalia kwa undani zaidi: mji wake haupo kwenye ramani yoyote. Richard III ya mwaka 1995 ipo katika Uingereza ya kubuni ya miaka ya 1930 iliyoangukia mikononi mwa mafashisti. Coriolanus ya Ralph Fiennes ya mwaka 2011 ilipigwa Belgrade, ila mahali penyewe panajiita Roma. Wote watatu wamejenga mahali panapoyapokea maneno yale. Nadhani hilo ndilo sharti la siri la njia hii. Ukiyapeleka maneno ya kale katika mtaa halisi anaoujua mtazamaji, mtaa utayakataa.

Hamlet ya Michael Almereyda ya mwaka 2000 ilijaribu kinyume chake. Mahali ni New York yenyewe, na ufalme wa Denmark wa tamthilia umekuwa kampuni. Ina picha nzuri sana, hasa kijana anapotafakari kuwapo au kutokuwapo huku akitembea kati ya rafu za duka la kukodisha kanda za video. Hata hivyo, kufuli limelegea. Mfalme anaweza kumtuma mtu ng’ambo akauawe. Kwa mkurugenzi wa kampuni ninahitaji kuonyeshwa jinsi anavyoliweza jambo hilo, na maneno ya kale hayana nafasi ya kunieleza.

*Sauti.* Hapa njia hii haina mpinzani. Mapema katika Richard III, Richard anaitoa ile hotuba yake maarufu akiwa mbele ya kipaza sauti, wageni wa dhifa wakimsikiliza na kumpigia makofi. Katikati ya hotuba anaingia msalani, na maneno yanaendelea akiwa peke yake, makali zaidi, mpaka anapotuona sisi kwenye kioo. Maneno ni ya Shakespeare, ingawa baadhi yamekopwa kutoka tamthilia yake nyingine. Kukata picha mara moja tu kumetupa uso wake wa hadharani na uso wake wa faragha. Nayo kazi ya kwaya huweza kubebwa na mtangazaji wa habari, kama alivyofanya Luhrmann kwa utangulizi wa tamthilia.

*Mwisho.* Umefungwa nao. Unaweza kupunguza, huwezi kugeuza.

*Mzigo.* Unahitaji waigizaji wanaoweza kusema beti kana kwamba wamezifikiria sasa hivi, na hao hawapatikani kwa mazoezi ya wiki moja. Unahitaji pia moyo wa kukata: Hamlet isiyopunguzwa, kama alivyoifanya Kenneth Branagh mwaka 1996, inachukua takriban saa nne. Na ukifanya kazi kwa Kiswahili, “maneno yale yale” maana yake ni tafsiri. Ama upate ruhusa ya iliyopo, ama utafsiri mwenyewe, tena kwa kinywa cha mwigizaji, maana beti inayosomeka vizuri kitabuni inaweza kumkata pumzi anayeisema huku anakimbia.

*Inamfaa* anayeipenda lugha ya tamthilia kuliko kisa chake, mwenye waigizaji waliokomaa jukwaani, au anayewalenga wanaoisoma tamthilia hiyo darasani.

Njia ya pili: kisa kile kile, maneno mapya

*Milango.* Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa ndiko kwenye faida kubwa na ndiko kunakoharibika kwa urahisi.

Katika filamu ya Kurosawa ya mwaka 1957, ijulikanayo kimataifa kama Throne of Blood, Macbeth amekuwa jemadari wa Japani ya enzi za vita vya mabwana. Hamna mstari hata mmoja wa Shakespeare. Wachawi watatu wamekuwa pepo mmoja anayesokota uzi, na uigizaji umekopa mengi kutoka tamthilia za jadi za Noh. Jambo linalonigusa zaidi ni kifo. Kwa Shakespeare, Macbeth anauawa na Macduff, mtu aliyemfanyia dhuluma, na haki inarudi. Kwa Kurosawa, askari wa jemadari mwenyewe wanamgeukia na kummiminia mishale. Katika ulimwengu ule cheo hupatikana kwa kumuua bwana, na kila aliyepanda kwa njia hiyo amewafundisha walio chini yake. Kufuli limetoka katika jamii mpya yenyewe.

Vishal Bhardwaj aliichukua tamthilia hiyo hiyo mwaka 2003, akaitia katika magenge ya Mumbai na kuiita Maqbool. Wachawi wake ni maafisa wawili wa polisi wanaopiga ramli. Hawaishii kutabiri. Wana masilahi ya kulinda uwiano kati ya magenge, kwa hiyo wanasukuma mambo mpaka utabiri wao utimie. Majaaliwa yamepewa mkono na mshahara, na ndani ya genge hakuna anayejiuzulu akaenda nyumbani salama.

Kwa hiyo usiandike orodha ya mbadala tu: mfalme awe mkurugenzi, upanga uwe bastola, mzuka uwe ndoto. Orodha hiyo humaliza kazi kwa jioni moja na kuiua filamu taratibu. Mbele ya jina la kila mhusika, andika anaweza kuwafanya nini wengine katika mahali papya. Katika Antigone ya Sophocles, mfalme Kreon amekataza kaka wa Antigone asizikwe, na dada huyo akikaidi, mfalme anaweza kumzika akiwa hai. Ukimfanya mkuu wa shule, la juu analoweza ni kumfukuza, na uamuzi wa Antigone unashuka kutoka ujasiri wa kufa hadi ukaidi wa mwanafunzi. Inawezekana kabisa shule ikawa mahali pazuri pa kisa hiki, ila sharti kufukuzwa kuwe na uzito unaokaribia kifo kwa msichana huyo, na uzito huo ujengwe mapema.

Sophie Deraspe aliligusa tatizo hilo mwaka 2019 alipoihamishia Antigone Montreal, katika familia ya wahamiaji kutoka Algeria. Kaka mmoja ameuawa na polisi, mwingine yuko gerezani na anakabiliwa na kufukuzwa nchini. Antigone anaingia gerezani badala yake. Hapo amri ya kukataza mazishi imebadilishwa na sheria za uhamiaji, na ni mabadiliko yenye mashiko: sheria hizo kweli hutenganisha ndugu. Kuna gharama, hata hivyo. Kreon si mtu mmoja tena. Ametawanywa kati ya polisi, mahakama na ofisi. Kwa Sophocles, Kreon anampoteza mwanawe na mkewe, na nusu ya tanzia ni yake. Mfumo haulii. Ukichagua kumtawanya mpinzani, jua kwamba uchungu wote utabebwa na upande mmoja.

Mfano wa karibu kabisa wa tofauti kati ya njia hizi mbili ni ile barua ya Romeo. Katika tamthilia, mtawa aliyetumwa kumweleza kwamba Juliet amelala tu anazuiliwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni, na barua haifiki. Luhrmann, aliyefungwa na maneno, alibaki na bahati mbaya hiyo: mleta vifurushi anafika, Romeo hamwoni. West Side Story, yaani Romeo na Juliet miongoni mwa magenge ya New York, iliyoanza jukwaani mwaka 1957 na kuwa filamu mwaka 1961, ilikuwa huru. Anita, rafiki wa Maria ambaye ndiye Juliet wa kisa hiki, anakwenda mwenyewe kupeleka ujumbe kwa kundi la maadui. Vijana wanamdhalilisha vibaya, na kwa hasira anawaambia kwamba Maria amekufa. Chuki ile ile iliyoanzisha kisa ndiyo inayoichana barua. Naona mlango huu umefungwa vizuri kuliko ule wa asili, na njia ya pili ndiyo inayokupa nafasi ya kutengeneza hivyo. Wapo watakaosema bahati mbaya ina kitisho chake, kwamba vijana wanakufa kwa sababu ndogo isiyo na maana. Nao wana hoja.

*Sauti.* Kila uzungumzi nafsia lazima upate tendo la kuubeba. Katika Haider ya mwaka 2014, Bhardwaj alimpeleka Hamlet Kashmir ya mwaka 1995. Mzuka wa baba nafasi yake imechukuliwa na mtu wa damu na nyama aliyekuwa kizuizini pamoja naye. Na yale mawazo ambayo Hamlet huyasema peke yake, Haider anayasema uwanjani, kamba shingoni, watu wamemzunguka. Faragha imegeuzwa kuwa hotuba ya hadharani, kwa sababu mahali pale kilio cha mtu mmoja kwa aliyetoweka ni kilio cha mtaa mzima.

*Mwisho.* Una uhuru, na uhuru huu ni mtego. Haider hamuui ami yake. Maria wa West Side Story anabaki hai. Yote mawili yanasimama kwa kuwa kilichopotea hakirudishwi. Ukimwokoa mtu, hakikisha hujaokoa na kilichompeleka shimoni.

*Mzigo.* Fedha hutegemea zama ulizochagua: vita vya kale vinataka farasi na mavazi, mtaa wa leo unataka ruhusa za kupiga picha. Kazi kubwa zaidi ni utafiti. Usipolijua genge, jeshi au kijiji unachokiandika, makufuli yako yatakuwa ya karatasi na wenye mahali pao watakuwa wa kwanza kuligundua hilo.

*Inamfaa* anayeijua jamii fulani kwa undani na anaiona tamthilia ikitokea humo bila kuisukuma.

Njia ya tatu: kiini tu

*Milango.* Unaijenga nyumba nzima upya, makufuli yakiwemo. The Bad Sleep Well ya Kurosawa, ile ya mwaka 1960, inamchukua kijana anayetaka kulipiza kisasi cha baba yake na kumwingiza katika ulaji rushwa wa mashirika ya Japani baada ya vita. Anamwoa binti wa mkubwa aliyehusika ili amfikie. Unaweza kuitazama mpaka mwisho bila kuikumbuka Hamlet. Milango inafungwa na ngazi za vyeo: kila mkosaji ana mkubwa wake, na wa juu kabisa haonekani.

*Sauti.* Uko huru. Filamu hiyo inaanza na harusi, na wanahabari waliofika kupeleleza kashfa wanatueleza nani ni nani na nani anaogopa nini. Hiyo ni kwaya, imevaa suti.

*Mwisho.* Wako, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu. The Lion King ya mwaka 1994, inayofanana na Hamlet kwa kiini, ina kaka aliyeuawa na ndugu yake, mwana wa mfalme aliyetoroka na baba anayetokea mawinguni. Kisha mwana anarudi na kushinda. Ni kisa kizuri, ila si tanzia tena. Watu wengi hufika huko bila kukusudia: wanalegeza jambo moja, kisha jingine, na mlango unabaki wazi.

*Mzigo.* Ndio mwepesi kifedha, kwa sababu hakuna onyesho linalokulazimisha kuwa na vita au kasri. Kwa uandishi ndio mzito, maana huna pa kuegemea. Na ukibaki na jina la tamthilia kwenye bango, watazamaji watakupima kwa tamthilia nzima, hata kama umechukua uzi mmoja tu.

*Inamfaa* ambaye kisa chake kilikuja kwanza, na tamthilia ikaja baadaye kumsaidia kukisimamisha.

Kwa hali yako

Kama una kundi la waigizaji wa jukwaani waliokwisha kuiigiza tamthilia hiyo, muda wa mazoezi na jengo moja lenye sura ya kipekee, ishike njia ya kwanza. Buni mahali, usikope mtaa halisi.

Kama waigizaji wako ni wa kawaida lakini wanaijua jamii ya kisa kama viganja vya mikono yao, maneno ya kale yatawafunga ndimi. Nenda njia ya pili, uwaachie waseme kama wanavyosema.

Kama ulipojibu lile swali la kuondoka ulijikuta unaeleza sababu isiyomo katika tamthilia, nawe unaipenda sababu hiyo kuliko ya mwandishi, tayari uko njia ya tatu. Badilisha majina na uendelee.

Kama tamthilia ni ya karne ya 20, mfano Kinjeketile ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, anza na ruhusa kabla ya ukurasa wa kwanza, kwa njia yoyote utakayochagua. Kisha uliza kama inahamishika. Ile imefungwa kwa vita vya Majimaji na kwa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi; ukiiondoa hapo lazima upate imani nyingine ambayo watu wako tayari kuifia, na aliyeianzisha hawezi tena kuizuia. Imani kama hiyo ikikosekana katika mandhari yako, chagua tamthilia nyingine.

Na kama bado umegawanyika kati ya mbili, chukua onyesho moja tu: lile ambalo mhusika mkuu angeweza kuokoka. Liandike kwa njia zote mbili, uwape waigizaji wawili walisome kwa sauti wakiwa wamesimama, bila mavazi wala kamera. Sikiliza ni katika lipi unapata hamu ya kumwambia akimbie, huku ukijua kwamba hawezi.